Usukani wa Kaboni au wa Alumini? Mmoja Huzeeka, Mwingine Hujeruhiwa

Kila anayeendesha baiskeli ya milimani kwa muda mrefu hufika siku ya kubadilisha usukani, na hapo ndipo mabishano huanza. Wa kaboni ni mwepesi, unapendeza machoni, na bei yake aghalabu ni maradufu ya ule wa alumini. Ukiuliza wenzako watakujibu kwa uhakika wote, ila majibu yao hayapatani. Huyu atakwambia kaboni hukatika ghafla kama kijiti kikavu, ilhali alumini hupinda kwanza ikakuonya. Yule atakwambia kaboni ndiyo dawa ya mikono inayokufa ganzi kwenye mawe, na kwamba aliyewahi kuionja harudi nyuma. Wote wawili wana sehemu ya ukweli. Tatizo ni kwamba wanajibu swali la kitu kipya dukani, wakati usukani utaishi na wewe miaka, utaloa jasho, utaanguka nawe, utafunguliwa na kufungwa tena. Ninavyoona mimi, tofauti kubwa kati ya hivi viwili ni namna kila kimoja kinavyofikia mwisho wake.

Inafaa kulichukulia jambo hili kwa uzito. Tairi likitoboka kwenye mteremko unayumba. Mnyororo ukikatika unasimama pembeni. Usukani ukikatika, mikono iliyokuwa imebeba nusu ya mwili wako inabaki haina kitu, na kinachofuata ni uso na ardhi.

Tuanze na alumini. Hakuna usukani unaotengenezwa kwa alumini tupu, maana ni laini mno. Ni aloi, yaani alumini iliyochanganywa na madini mengine, na zile namba unazoziona zimeandikwa kwenye bomba ndizo zinazoitambulisha. Aloi ya 6061 ina magnesiamu na silikoni; ni ya kawaida na ya bei nafuu. Aloi ya 7075 ina zinki, na ikishapikwa ipasavyo uwezo wake wa kubeba mzigo bila kupinda moja kwa moja unakaribia mara mbili ya ule wa 6061. Kwa hiyo mwenye 7075 anaweza kufanya kuta za bomba ziwe nyembamba zaidi na uzito ukapungua. Ndani, bomba zuri halina unene mmoja: ni nene katikati linapobanwa na stemu, yaani kile kipande kinachoushika usukani kwenye baiskeli, kisha hupungua kuelekea kwenye vishikio. Huwezi kuliona hilo kwa nje, lakini ndilo unalolipia.

Alumini ina tabia moja ambayo wengi hawaijui. Chukua kipande cha waya, kipinde mbele na nyuma. Mara ya kwanza hakuna kitu, mara ya tano hakuna kitu, halafu ghafla kinakatika, na mkono wako haukuongeza nguvu hata kidogo. Mafundi huuita uchovu wa metali. Katika miaka ya 1850 na 1860, mhandisi wa reli wa Ujerumani, August Wöhler, alichunguza kwa nini ekseli za mabehewa zilikuwa zikikatika chini ya mizigo ambayo zingepaswa kuibeba bila shida, akaonyesha kwamba kinachohesabika ni idadi ya mara ambazo mzigo unarudi, si ukubwa wake peke yake. Chuma cha pua na cha kawaida kina nafuu fulani: mzigo ukiwa mdogo vya kutosha, kinaweza kuubeba mara mamilioni pasipo kuchoka. Alumini haina mpaka huo ulio wazi. Kila jiwe, kila mruko, kila ukivuta usukani ukipanda kilima, kuna kidogo kinachokatwa kwenye akiba yake. Chovya chovya humaliza buyu la asali.

Dunia ililipia somo hilo kwa uchungu mwaka 1954, pale ndege mbili za abiria aina ya Comet, zilizoundwa kwa aloi ya alumini, zilipovunjika angani karibu na pwani ya Italia, moja Januari na nyingine Aprili. Wachunguzi walitumbukiza mwili wa ndege ya aina hiyo kwenye tangi kubwa la maji, wakaujaza shinikizo na kuliachia tena na tena kana kwamba unaruka na kutua, hadi ulipopasuka. Ufa ulikuwa umeanzia kwenye pembe ya tundu. Ndege hizo hazikuwa zimegonga kitu, zilichoka.

Ukipata bahati ya kushika usukani wa alumini uliokatika kwa uchovu, uangalie mahali ulipokatikia. Utaona sehemu mbili. Moja ni nyororo, imefifia, pengine ina weusi wa vumbi na jasho, na ukiitazama kwa karibu ina mistari midogo iliyopinda kama alama za maji yanaporudi ufukweni. Hapo ndipo ufa ulipokuwa ukitembea polepole, wiki kwa wiki, huku mwenyewe akipanda na kushuka bila habari. Sehemu ya pili inang'aa, ina chembechembe, imekwaruza. Hiyo ndiyo iliyobaki ikibeba kila kitu peke yake, hadi ikashindwa kwa mara moja. Kwa kawaida ufa huanza pembezoni mwa stemu au chini ya pingu ya mkono wa breki, yaani kibano chake, mahali panapobanwa na kupinda kwa pamoja.

Kwa hiyo ile kauli kwamba alumini hupinda kwanza inahitaji kurekebishwa. Kuna namna mbili za kuvunjika. Ukianguka vibaya na usukani ukapigwa na mzigo mmoja mkubwa kupita uwezo wake, kweli alumini hupinda, na utaona kwa macho kwamba umepinda. Huo ni wema wake wa kweli. (Na usukani uliopinda haunyooshwi. Kuunyoosha ni kuumalizia.) Lakini ukichoka kwa miaka, hukatika ghafla vilevile, bila kupinda, na mara nyingine mahali pasipo na jiwe wala mruko.

Kaboni ni kitu cha aina nyingine kabisa. Ni nyuzi nyembamba mno, kila moja ikiwa na unene wa kama sehemu moja ya kumi ya unywele, zilizolazwa kwa tabaka na kushikwa pamoja na gundi ya epoksi, kisha zikabanwa ndani ya kalibu na kupashwa moto hadi zikawa kitu kimoja. Uzi wenyewe una nguvu ya ajabu ukivutwa kwa urefu wake. Ukiusukuma kwa ubavu hauna lolote, kazi hiyo ni ya gundi. Mtengenezaji ndiye anayeamua tabaka ngapi zielekee wapi: nyingine kwa urefu wa usukani ili uhimili kupinda, nyingine mshazari ili uhimili kusokotwa, nyingine kuzunguka bomba ili stemu isiliponde. Ndiyo maana kusema tu "kaboni" hakuelezi mengi. Sukani mbili za kaboni zinazofanana kama mapacha zinaweza kuwa na tabia tofauti kabisa, kwa sababu ya ramani ya tabaka ambayo wewe huioni.

Kwa upande wa uchovu, kaboni iliyotengenezwa vizuri ni hodari. Mizigo ya kila siku haiitafuni kama inavyoitafuna alumini. Si ajabu kwamba ndege ya Boeing 787, iliyoruka kwa mara ya kwanza mwaka 2009, karibu nusu ya uzito wake ni vifaa vya tabaka za nyuzi. Ule woga kwamba kaboni ni kitu laini cha kupambia ulipaswa kuwa umekwisha zamani.

Udhaifu wake uko kwingine. Kaboni haipendi kubanwa kwa ncha, kukwaruzwa hadi nyuzi zikakatika, wala kugongwa kwa ubavu na kitu chenye makali. Jeraha la namna hiyo linaweza kutenganisha tabaka ndani huku nje rangi ikiwa haijachubuka. Haipindi ikabaki imepinda. Inarudi umbo lake na kuficha kilichotokea. Kuanzia hapo nguvu ya usukani ule haijulikani tena.

Kiwango cha kimataifa cha usalama wa baiskeli, ISO 4210, hakibagui kati ya kaboni na alumini. Usukani hufungwa kwenye stemu na kusukumwa kwa mashine, upande mmoja juu mwingine chini, mara 100,000. Kisha pande zote mbili kwa pamoja, mara 100,000 nyingine. Usukani wa baiskeli ya milimani husukumwa kwa nguvu kubwa kuliko ule wa baiskeli ya mjini. Usukani wa kampuni inayoheshimu kazi yake, uwe wa kaboni au wa alumini, umepita hapo. Hivyo, vikiwa vipya na vimefungwa sawasawa, sioni sababu ya kumwogopesha mtu na chochote kati ya hivi viwili.

Kuhusu uzito sitakaa sana. Usukani wa alumini wa upana wa milimita 780 au 800 una gramu kati ya 280 na 350 hivi. Wa kaboni wenye upana huohuo, kama 190 hadi 250. Tofauti ni karibu gramu 100, yaani nusu glasi ya maji. Anayeshindana mbio za kupanda na kushuka, ambaye tayari amepunguza kila kilichopunguzika, atazitaka hizo gramu na ana haki. Wengine wote hawatazihisi njiani, na mwenye bajeti ndogo atapata nafuu kubwa zaidi akiiweka pesa hiyo kwenye matairi mazuri.

Suala la mtetemo lina utata zaidi, na hapo ndipo watu wengi hununua kaboni kwa matumaini yasiyo sahihi. Ni kweli kwamba gundi na nyuzi hupoza kidogo ule mtetemo mdogomdogo wa kokoto, na ni kweli kwamba mbunifu wa kaboni ana uhuru wa kufanya usukani unyumbuke kwenda juu na chini bila kulegea ukiuvuta. Lakini kunyumbuka kwa usukani kunatawaliwa sana na vipimo vyake. Sehemu inayobanwa na stemu siku hizi ina kipenyo cha milimita 31.8 au 35. Ukakamavu wa bomba lenye kuta nyembamba hupanda kwa mchemraba wa kipenyo, yaani kipenyo × kipenyo × kipenyo. Kwa hiyo kutoka 31.8 hadi 35, kuta zikibaki na unene uleule, ukakamavu unaongezeka kwa karibu theluthi moja. Upana nao una sheria kama hiyo kwa upande wa pili: usukani wa milimita 800 hunyumbuka kwa robo moja zaidi ya ule wa 740, ukilinganisha bomba la aina moja. Ndiyo maana mtu anaweza kununua usukani wa kaboni wa kipenyo cha 35, akaukata hadi 740, halafu akashangaa mikono inauma kuliko zamani. Amejifungia nondo.

Wabunifu wanalijua hili. Kampuni ya OneUp inatengeneza usukani wa kaboni ambao kati ya stemu na vishikio umbo lake si duara bali yai lililolazwa, ili unyumbuke zaidi kwenda juu na chini kuliko mbele na nyuma. Kampuni ya Spank imechukua njia nyingine: bomba la alumini lililojazwa povu jepesi ndani ili kumeza mtetemo. Mifano hiyo miwili inatosha kukuonyesha kwamba faraja haimo kwenye jina la malighafi peke yake.

Kama mikono yako inakufa ganzi, naomba ufanye mambo machache kabla ya kutoa pesa. Punguza upepo wa tairi la mbele kidogo kidogo na uone. Angalia pembe ya mikono ya breki: ikiwa kifundo cha mkono kimekunjika ukiishika, ganzi haitaisha hata kwa usukani wa dhahabu. Jaribu vishikio vinene au vyembamba kidogo kulingana na kiganja chako. Hakikisha shokapu ya mbele imewekwa kwa uzito wako na wala si wa aliyekuuzia. Tairi na shokapu humeza mitikisiko mikubwa kuliko usukani wowote utakavyoweza.

Kufunga usukani ndiyo kazi inayoamua zaidi hatima yake, hasa wa kaboni. Niliwahi kuvua mkono wa breki kwenye usukani wangu wa kaboni ili nisafishe, nikakuta mstari mwembamba, mfano wa unywele, umezunguka nusu ya bomba pale pingu ilipokuwa. Nilipopitisha ukucha, ukanasa. Hakuna aliyenifanyia, niliibana mwenyewe kwa mkono uliozoea nati za chuma. Usukani ule sikuutumia tena.

Tangu hapo sifungi bila spana yenye kipimo. Stemu nyingi zinataka kati ya Nm 4 na 6 (nyutoni-mita, kipimo cha nguvu ya kukaza) kwa kila bolti, na namba hiyo kwa kawaida imechorwa kwenye stemu yenyewe. Kabla ya kufunga, pitisha kidole pembezoni mwa stemu panapogusa usukani. Ukihisi ncha kali, ilainishe kwa msasa laini. Paka ile pesti yenye chembechembe inayouzwa kwa ajili ya kaboni, kwa sababu inaongeza mshiko na kukuruhusu kubana kwa nguvu ndogo zaidi. Usipake grisi, itateleza nawe utabana kupita kiasi. Kaza bolti nne kwa mshazari, robo mzunguko kwa robo mzunguko, huku ukitazama mwanya wa juu na wa chini kati ya kifuniko na stemu ubaki sawa, isipokuwa mtengenezaji amesema upande mmoja ufungwe wote. Mikono ya breki na ya gia ibanwe kiasi cha kutosogea ukiwa njiani, lakini iweze kuzunguka ikigongwa unapoanguka. Mkono wa breki uliogoma kuzunguka hugeuka nyundo, na anayepigwa ni usukani. Utaratibu huuhuu unaufaa usukani wa alumini pia, maana mkwaruzo wa pingu iliyobanwa vibaya ndio mlango ambao ufa wa uchovu hupenda kuingilia.

Kukata kuna tofauti. Alumini hukatwa kwa kikata bomba au msumeno wa chuma. Kaboni usiikate kwa kikata bomba, kitaponda nyuzi. Zungushia utepe mahali pa kukata, tumia msumeno wenye meno madogo sana, lowesha maji, vaa barakoa, maana vumbi lake ni baya kwa mapafu. Ila kabla ya kukata, angalia kama mtengenezaji ameweka alama ya upana mdogo kabisa unaoruhusiwa.

Jasho nalo lina mambo yake. Chumvi hutafuna alumini chini ya vishikio, ikaacha unga mweupe na vishimo, na kila kishimo ni mwanzo wa ufa. Kaboni haishiki kutu, lakini ikigusana na alumini penye unyevu wa chumvi, alumini ndiyo inayoliwa haraka zaidi. Basi kwenye usukani wa kaboni kagua pingu za vishikio na vizibo vya mwisho.

Kuna vitu viwili ambavyo ningekukataza bila kusitasita. Cha kwanza ni usukani wa kaboni wa bei ya ajabu usiojulikana umetoka wapi, ama wenye jina kubwa lililobandikwa juu. Ramani ya tabaka ndiyo thamani yote ya usukani wa kaboni, na bandia hufanana na wa kweli kwa nje tu. Cha pili ni usukani uliokwishatumika na mtu usiyemjua. Wa kaboni huwezi kujua uligongwa mara ngapi. Wa alumini huwezi kujua akiba yake imechovywa mara ngapi.

Basi nani achukue upi? Ukiwa bado unajifunza na unaanguka mara kwa mara, ukiazimisha baiskeli, ukiifunga kwa kamba juu ya gari, au huna spana yenye kipimo wala nia ya kuinunua, chukua alumini, chagua kampuni inayoaminika, na uubadilishe kila baada ya misimu michache hata kama unaonekana mzima. Ukiendesha sana, ukijifungia vitu mwenyewe kwa uangalifu, na ukiwa tayari kuutupa baada ya ajali mbaya bila kubembelezana na bei yake, kaboni itakupa miaka mingi ya kazi nzuri. Ukipiga hesabu ya pesa, anayeanguka mara chache hupata faida kwa kaboni, na anayeanguka kila mwezi atafilisika nayo.

Mimi hubandika kipande cha utepe chini ya stemu nikaandika mwezi na mwaka nilioufunga. Mara mbili kwa mwaka navua kila kitu, naosha bomba, nalimulika kwa tochi huku nikilizungusha taratibu, na kwa kaboni nagonga kwa sarafu kuanzia katikati kwenda mwisho, nikisikiliza kama mlio mkavu unageuka kuwa wa kufifia. Mlio wa kawaida hauthibitishi kwamba uko salama, ila mlio uliofifia unatosha kuukataa. Na nikianguka njiani, kabla sijapanda tena navuta vishikio pembeni ikiwezekana, naangalia mahali pingu zilipokaa, nalalia usukani kwa uzito wangu wote baiskeli ikiwa imesimama. Nikisikia mlio ambao haukuwepo asubuhi, nashuka naisukuma hadi nyumbani, hata kama kilichobaki ni mteremko mtupu.